Sukari ya mtoto: Nambari ni ya kuongoza, si ya kugombeza

WAZAZI wengi wanapoambiwa kwamba mtoto wao ana ugonjwa wa kisukari, jambo la kwanza kuwatia hofu huwa ni sindano. Atadungwa mara ngapi kwa siku? Atadungwa hadi lini? Hayo ni maswali ya haki. Lakini baada ya majuma machache nyumbani, aghalabu wao hugundua kwamba kudunga si sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni kujua kiasi cha dawa kinachofaa, na hilo haliwezekani bila kwanza kujua kuna sukari kiasi gani katika damu ya mtoto saa ile.

Makala haya yanakuhusu wewe mzazi, mlezi au mwalimu wa mtoto kama huyo, na pia wewe kijana unayeishi na ugonjwa huu. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Yanakusaidia kuelewa kile anachotaka ufanye, na kwa nini.

Watoto wengi wenye kisukari huwa na kile kinachoitwa kisukari cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, hugeuka na kuziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo hufungua njia ili sukari itoke katika damu na kuingia katika misuli na viungo vingine. Ikikosekana, sukari hujaa katika damu huku mwili wenyewe ukifa njaa. Ugonjwa huu hauletwi na kula peremende, wala mzazi hana lawama yoyote. Na hakuna dawa ya kumeza wala ya miti shamba inayoweza kuchukua mahali pa insulini.

Kabla ya insulini kupatikana, mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu hakuishi muda mrefu. Mambo yalibadilika Januari 1922 katika jiji la Toronto, Kanada, wakati kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipokuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Tangu hapo swali halikuwa tena kama mtoto ataishi, bali ataishi akiwa na afya gani.

Swali hilo lilijibiwa mwaka wa 1993, wakati matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada yalipotangazwa. Watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wa umri wa miaka 13 hadi 39, walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliopima sukari mara nyingi kwa siku na kurekebisha insulini yao walipunguza hatari ya kupata madhara ya macho kwa asilimia 76, ya figo kwa asilimia 50 na ya mishipa ya fahamu kwa asilimia 60. Kwa maneno mengine, kile kitone cha damu kidoleni leo ndicho kinachoyalinda macho ya mwanao atakapokuwa mtu mzima.

Nambari zina maana gani

Hapa Kenya hospitali nyingi hupima sukari kwa milimoli kwa lita. Kwa kawaida, mtoto mwenye kisukari hutakiwa awe kati ya 4 na 10 kwa sehemu kubwa ya siku, na kati ya 4 na 8 asubuhi kabla ya kula chochote. Daktari anaweza kumwekea mtoto wako kiwango tofauti kidogo kulingana na umri na hali yake.

Chini ya 4, sukari imeshuka na mtoto anahitaji kitu kitamu mara moja. Chini ya 3 ni hatari kubwa. Ikipita 14, hasa mtoto akiwa hajisikii vizuri, ni lazima kuchunguza kama mwili umeanza kutoa sumu iitwayo ketoni, ambayo tutaieleza hapa chini.

Jihadhari na jambo moja ambalo huwapoteza wengi. Ikiwa mashine yako ililetwa na jamaa kutoka Marekani, huenda inapima kwa miligramu kwa desilita. Nambari zake huwa kubwa mara 18. Mashine hiyo ikionyesha 126, hiyo ni sawa na 7, na hakuna sababu ya kushtuka. Lakini ikionyesha 54, hiyo ni sawa na 3, na mtoto yumo hatarini. Angalia maandishi madogo yaliyo kando ya nambari kwenye kioo cha mashine, uwaeleze wote wanaomtunza mtoto, na uandike kipimo hicho kwenye jalada la daftari lake.

Jinsi ya kupima

Mtoto na anawe mikono kwa maji na sabuni, kisha aikaushe vizuri. Si suala la usafi tu. Mtoto aliyetoka kumenya embe au chungwa anaweza kuwa na sukari ya tunda kwenye ngozi, na mashine itasoma hiyo badala ya damu. Vidole vyenye maji navyo huichuja damu na kuleta nambari ya uongo. Spirit si lazima. Ukiitumia, subiri ikauke kabisa.

Mtoboe ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwa sababu pembeni hapaumi sana. Badilisha vidole kila mara ili kimoja kisiwe sugu. Kitone kikikawia kutoka, mwache mtoto ashushe mkono chini kwa muda, ukandekande kidole kuanzia kwenye kiganja.

Zile stripu za kupimia ni kama maziwa: huharibika zikiwekwa vibaya. Funga kopo lake mara tu unapotoa moja. Usiziweke karibu na jiko, kwenye dirisha linalopigwa na jua au ndani ya gari, na wanaoishi Mombasa na sehemu nyingine zenye joto wawe waangalifu zaidi. Usiziweke kwenye friji pia. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa dukani.

Kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja tu. Kukitumia kwa watoto wawili, hata kama ni ndugu, kunaweza kueneza virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Vilivyokwisha kutumika vitie katika mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko, kisha uupeleke kliniki. Usivitupe kwenye pipa la taka ambapo mtu anaweza kudungwa.

Upime saa ngapi?

Wataalamu wa kisukari cha watoto hupendekeza kupima mara 6 hadi 10 kwa siku: kabla ya kila mlo, saa mbili baada ya kula, kabla ya kulala, kabla na baada ya michezo, na wakati wowote mtoto anapoonekana si wa kawaida.

Hata hivyo, tunajua hali ya mifuko ya wengi. Pakiti ya stripu 50, ukitumia tatu kwa siku, haifiki siku 17. Kwa hivyo uliza katika kliniki ya kisukari ya hospitali ya kaunti yako kama kuna msaada. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizo katika mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka wa 2009 ili kuwapatia watoto wa nchi zisizo na uwezo mkubwa insulini na vifaa vya kupimia.

Ikiwa stripu ni chache, zitumie kwa akili. Usipime saa ile ile moja kila siku. Kwanza, pima kabla ya kudunga insulini, kwa sababu kudunga bila kujua sukari ilipo ni kama kuvuka barabara ukiwa umefumba macho. Kisha stripu inayosalia ihamishe kila siku: Jumatatu kabla ya chakula cha mchana, Jumanne kabla ya kulala, Jumatano saa tisa usiku, Alhamisi saa mbili baada ya chakula cha jioni. Baada ya majuma mawili utakuwa umeiona siku nzima ya mwanao bila kununua pakiti ya ziada. Lakini siku zote weka akiba ya stripu chache kwa siku ya ugonjwa au ya mashaka.

Daftari ndilo daktari wa nyumbani

Nambari isiyoandikwa ni stripu iliyopotea bure. Nunua daftari la kawaida na ulipige mistari: tarehe, saa, nambari, vipimo vya insulini alivyodungwa, na nafasi ya maelezo. Katika maelezo andika mambo mafupi: “Alikula chapati mbili”, “Alicheza mpira”, “Ana mafua”.

Usiisumbukie sana nambari moja iliyopanda. Tafuta mwenendo. Kwa mfano, tuseme mtoto amekuwa na 13 au 14 kabla ya chakula cha mchana siku nne mfululizo. Huenda insulini ya asubuhi haitoshi, au anakunywa soda wakati wa mapumziko saa nne. Na ikiwa amekuwa na 3.5 saa tisa usiku kila siku anapocheza mpira jioni, basi michezo ndiyo inayomshusha. Misuli huendelea kuvuta sukari kutoka kwa damu saa nyingi baada ya mchezo kwisha. Ukimpelekea daktari mwenendo kama huo, atajua mara moja ni sindano ipi ya kurekebisha.

Kumbuka pia kwamba insulini iliyopigwa na joto hupoteza nguvu. Ikiwa kila nambari imepanda ghafula na hakuna kilichobadilika, jaribu chupa mpya kabla ya kumlaumu mtoto.

Sukari ikishuka

Mtoto ambaye sukari yake imeshuka hutoka jasho, hutetemeka, huhisi njaa kali, hupauka au huchanganyikiwa. Mdogo sana hawezi kujieleza, na huenda ukaona tu kwamba analia bila sababu, amekuwa mkaidi au anasinzia mchana. Ukiweza, pima. Ikiwa huna stripu, usingoje. Mtibu kana kwamba imeshuka.

Mpe sukari inayofika haraka kwenye damu. Mtoto wa kilo 30 anahitaji vijiko viwili vya chai vilivyojaa, vikorogwe katika maji kidogo. Kijana wa kilo 50 anahitaji vijiko vitatu hadi vinne, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Chokoleti na mandazi hazifai hapa kwa sababu mafuta hukawiza sukari. Pima tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, na mlo wake uko mbali, mpe kitu cha kumshikilia kama vile kipande cha mkate.

Ikiwa amezirai au ana kifafa, usimtie kitu chochote mdomoni, kwani anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini. Kama daktari alikupa sindano ya glukagoni, huu ndio wakati wake.

Sukari ikipanda, na siku za ugonjwa

Insulini inapokosekana, mwili huanza kuchoma mafuta yake ili upate nguvu, na moshi wa moto huo, tukisema kwa mfano, ndio ketoni. Zikizidi, damu hugeuka kuwa na asidi. Mtoto hutapika, huumwa na tumbo, hupumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hali hii huua. Hapa kwetu ni rahisi kuidhania kuwa malaria, homa ya matumbo au kichomi, hasa kwa mtoto ambaye bado hajajulikana kuwa na kisukari. Mtoto anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa mara kwa mara, aliyeanza tena kukojoa kitandani na anayekonda, mwombe daktari ampime sukari siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto anayejulikana kuwa na kisukari, weka nyumbani stripu za kupima ketoni kwenye mkojo. Nambari ikipita 14 naye anajisikia vibaya, pima ketoni. Zikionekana nyingi, au akitapika, mpeleke hospitalini bila kungoja asubuhi.

Kosa ambalo limewagharimu wengi ni hili: mtoto ana homa, hataki kula, kwa hivyo mzazi anaacha kumdunga insulini. Usifanye hivyo kamwe. Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari hata mtoto asipokula. Kipimo cha insulini kinaweza kubadilishwa kwa ushauri wa daktari, lakini insulini haikomeshwi. Mpe maji mara kwa mara, na upime kila baada ya saa mbili hadi nne, mchana na usiku. Akiba yako ya stripu ni ya siku kama hii.

Kijana anapoficha nambari

Sasa tufikie jambo ambalo halizungumzwi sana. Kuanzia umri wa miaka 12 hivi, daftari la watoto wengi huanza kupendeza mno. Kila nambari ni 6 au 7. Mwandiko ni wa kalamu moja, hakuna tone la damu wala mkunjo. Kisha kliniki inachukua kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, na kinarudi kikiwa asilimia 11. Hiyo ina maana kwamba kwa wastani sukari imekuwa karibu 15.

Kabla ya kumwita mwanao mwongo, jiulize nini hutokea nyumbani mashine ikionyesha 16. Ikiwa husikia “Umekula nini tena?”, “Unataka kutuua kwa gharama?”, au akanyimwa chakula mbele ya ndugu zake, basi mmemfundisha kwamba nambari ni kesi, naye ndiye mshtakiwa. Mtoto yeyote mwenye akili atatafuta namna ya kuikwepa kesi hiyo. Ataandika uongo au ataacha kupima kabisa. Hapo daktari huongozwa na nambari ambazo hazipo. Huenda akaacha insulini ilivyo wakati inahitaji kuongezwa, na anayeumia ni kijana.

Isitoshe, si kila nambari kubwa hutokana na makosa. Homoni za kubalehe hufanya insulini isifanye kazi vizuri, na vijana wengi huhitaji dawa nyingi zaidi katika miaka hiyo hata wakila ipasavyo. Wasichana wengine huona sukari ikipanda siku chache kabla ya hedhi. Mtihani, hofu na mafua pia huipandisha.

Kwa hivyo badilisha lugha. Badala ya “Sukari yako ni mbaya,” sema “Iko juu, tufanye nini?” Mshukuru kwa kupima, hata nambari ikiwa 20, kwa sababu 20 inayojulikana hutibika. Usimkabidhi kazi yote siku moja kwa kuwa ametimiza miaka 13. Mwachie hatua kwa hatua: kwanza apime mwenyewe ukiwapo, kisha aandike, kisha mkae pamoja Jumapili jioni kusoma daftari kwa dakika kumi. Mashine nyingi huweka nambari katika kumbukumbu yake, lakini zitazameni pamoja. Usizichungulie kwa siri.

Nawe kijana, ikiwa unapunguza insulini ili ukonde, ama umechoka kabisa na mambo haya, mwambie daktari au muuguzi unayemwamini. Wamekwisha kuyasikia hayo kwa wengine, na wapo kukusaidia.

Shuleni

Mtoto wa shule ya bweni hutumia sehemu kubwa ya mwaka mbali nawe. Kabla ya muhula kuanza, kutana na mwalimu wa darasa, matroni na muuguzi wa shule. Waachie karatasi moja yenye mambo manne: saa za kupima, dalili za sukari kushuka, cha kumpa, na nambari zako za simu. Waombe wamruhusu kupima darasani, kula kitu kidogo hata wakati wa kipindi, na kwenda msalani bila kuomba mara mbili. Walimu wa michezo waelezwe kwamba akiwa chini ya 5 kabla ya mazoezi anapaswa kula kitu kwanza. Mchague pia rafiki mmoja wa bwenini anayejua la kufanya usiku.

Kipimo cha miezi mitatu, na vifaa vipya

HbA1c huonyesha sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi kwa takriban siku 120. Lengo kwa watoto wengi ni chini ya asilimia 7, ambayo ni sawa na wastani wa 8.6 hivi. Lakini mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, mwenye upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu lisilo sahihi, kwa hivyo mkumbushe daktari. Kipimo hiki pia hakionyeshi sukari ilivyopanda na kushuka. 3 na 14 zina wastani mzuri, ilhali zote mbili ni hatari. Ndiyo maana hakichukui mahali pa daftari.

Siku hizi kuna kidude kinachobandikwa mkononi na kupima sukari kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, bila kutoboa kidole kila mara. Hakisomi damu yenyewe bali majimaji yaliyo chini ya ngozi, na kwa hivyo huwa nyuma kwa dakika kadhaa sukari inaposhuka kwa kasi. Kinasaidia sana, ila bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi. Usihuzunike ikiwa huna uwezo. Mashine ya kawaida, stripu zilizohifadhiwa vyema na daftari la kweli vinaweza kumfikisha mtoto mbali.

Neno la kweli ndilo zito hapo. Anza usiku wa leo: mtoto akipima, iwe 5 au iwe 19, iandikeni kama ilivyo, kisha muamue pamoja hatua inayofuata.